Mlango wa Chumba cha Mgonjwa



 Leo tunawaomba mtuvumilie kidogo. Mada yetu ni ile ambayo wengi wetu tukiisikia tunainamisha vichwa, na wazee wengine huondoka barazani wakisingizia udhu. Ni haja za unyumba na mapenzi kwa ndugu zetu wenye ulemavu, na wajibu wa wale wanaowauguza.

Sisi tunaosomesha hapa Mbuya tuna desturi katika darsa ya wanandoa: mwenye swali zito huliandika kwenye kikaratasi bila jina. Vikaratasi vingi huwa ni vya talaka, mahari na wake wenza. Kimoja kilitufikia kupitia kwa ustadha wa akina mama. Mwandishi alikuwa mke wa kijana aliyeanguka na boda boda, akavunjika uti wa mgongo, miguu ikafa ganzi. Baada ya hospitali alirudishwa nyumbani. Mama yake akahamia chumbani kwao ili amgeuze usiku asipate vidonda vya kulalia. Mke akahamishiwa sebuleni na watoto. Miezi minane ilikuwa imepita. Aliuliza jambo moja tu: je, ni dhambi kwangu kumwomba mama mkwe atoke japo kwa saa moja?

Tulikisoma mara mbili. Hakuna mbaya katika nyumba ile. Mama anamtumikia mwanawe, na mke anamheshimu mama mkwe. Hata hivyo watu wawili waliooana kwa nikaha wametenganishwa, na hakuna hata mmoja aliyesema wametenganishwa.

Huku kwetu tukisema "mhudumu" hatumaanishi mfanyakazi aliyesomea kazi hiyo na kulipwa mshahara. Hao ni wachache. Mhudumu ni mama, ni dada, ni shemeji, ni binti wa kazi aliyetoka kijijini juzi. Hata wodini, Mulago na kwingineko, anayemwogesha mgonjwa na kumlisha mara nyingi ni jamaa yake aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Hakuna aliyewafundisha hawa. Kumgeuza mgonjwa wameonyeshwa na muuguzi, lakini namna ya kufunga mlango hawakuonyeshwa.

Wala si jambo la nyumba moja. Sensa ya Uganda ya 2014 ilikuta kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 2 na kuendelea, 12 na zaidi wana ulemavu wa namna fulani. Hesabuni safu za msikiti siku ya Ijumaa, kisha mjiulize hao wako wapi.

Sasa turudi kwenye dini yetu. Watu hudhani faragha ya chumba cha kulala ni fikra ya Wazungu. Someni Suratun Nur, aya ya 58. Allah (S.W.) amewaamuru watumishi wa nyumbani na watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya Sala ya Isha. Aya hii inazungumza na nyumba zenye watu wanaotumikia, wanaoingia na kutoka kutwa nzima, yaani nyumba kama ya mgonjwa. Wala haikusema nyakati hizo zinafutika mwenye chumba akiwa hawezi kutembea. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 61, wametajwa kipofu, kiguru na mgonjwa, kwamba hawana lawama. Sisi tunaona kuna hekima mambo haya mawili kukaa karibu hivyo.

Kwa hiyo adabu ya kwanza ya mhudumu ni kubisha hodi na kungoja jibu. Tunasema kungoja, kwa sababu wengi hubisha huku mkono mwingine umeshasukuma mlango. Kama mgonjwa hawezi kusema, basi mwekewe kengele au ishara mliyokubaliana.

Tulimjibu yule mama kwamba si dhambi, bali ni haki yake na haki ya mumewe. Salman al-Farisi (R.A.) alipomwona mke wa Abu Dardaa amejiachia kwa kuwa mumewe ameshughulika na ibada tu, alimkumbusha Abu Dardaa kwamba mke naye ana haki juu yake, na Mtume (S.A.W.) akathibitisha kuwa Salman amesema kweli. Kama ibada haiondoi haki hiyo, uuguzi utaiondoaje? Tukamshauri ajifunze mwenyewe kumgeuza mumewe. Mgonjwa wa namna hii akiwa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Basi mama amgeuze saa nne usiku, atoke, mlango ufungwe hadi saa sita. Tukamwomba ustadha aende kuzungumza na mama mkwe, kwa sababu maneno haya hayatoki vizuri kinywani mwa mkwe.

Ustadha alirudi akatwambia mama yule alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mimi nilidhani mambo hayo yamekwisha kwake."

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Tunadhani mguu ukifa, na mapenzi yamekufa. Madaktari wa uti wa mgongo wanasema vingine. Aliyeumia mgongo hubakia na matamanio yake. Wanaume wengi bado mwili huitika kwa kuguswa, hata kama hisia zimepungua, na kwa wasiopata nafuu hiyo yapo matibabu. Mwanamke aliyeumia mgongo kwa kawaida hedhi yake hurudi baada ya miezi michache na anaweza kushika mimba. Wapo waliodhani hawawezi, wakashtukia tumbo. Anayetumia mpira wa mkojo unaweza kubanwa pembeni kwa plasta, au kuondolewa kama muuguzi alivyoelekeza, na ni vizuri kibofu kimwagwe kabla. Ngozi iangaliwe baadaye kwa kuwa hasikii anapochubuka. Aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo akianza kuumwa kichwa kwa ghafla na kutoka jasho usoni, asimamishe kila kitu, aketishwe wima na atafutiwe daktari, maana shinikizo la damu hupanda kwa hatari. Na vidonge vya nguvu vinavyouzwa kiholela barabarani visinunuliwe, hasa kwa mwenye dawa za moyo, kwani vinaweza kumuua.

Mtatuuliza, maalimu anayajuaje haya? Tuliuliza. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Tunakuja kwenye jambo linalotuuma zaidi, nalo ni vijana ambao hawajaoa wala kuolewa. Hapa Buganda msichana anapokaribia kuolewa hupelekwa kwa ssenga, shangazi yake, amfundishe mambo ya ndoa. Pwani kazi hiyo ni ya somo. Lakini tutazameni mabinti zetu viziwi, vipofu au wanaotambaa: ni nani kati yao aliyepelekwa kwa ssenga? Familia imeshaamua kimoyomoyo kuwa huyu haolewi. Matokeo yake, hedhi humjia akidhani ameumia, na mvulana huota usiku akaogopa kusema, kisha dada yake humfokea kwa kuchafua shuka. Hukumu za hedhi na janaba ni fardhi kwa kila aliyebaleghe mwenye akili. Kumficha mtoto elimu hiyo kwa sababu ya kiti chake cha magurudumu ni kumnyima dini.

Mtume (S.A.W.) hakuwatendea hivyo masahaba zake. Amr bin al-Jamuh (R.A.) alikuwa kiguru, naye alikuwa na mke na watoto wanne wa kiume waliopigana pamoja na Mtume. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), kipofu, alikuwa muadhini, wala hakufichwa uani. Na Julaybib (R.A.), ambaye baadhi ya wahubiri humwita mlemavu, ingawa riwaya zinasema tu kuwa sura yake haikuwavutia watu, Mtume mwenyewe alikwenda kumposea. Wazazi wa binti walisitasita. Binti akakubali. Kiongozi wa umma aliacha shughuli zake akashika kazi ya mshenga kwa mtu ambaye hakuna aliyemtaka. Ni imamu gani leo anamposea kijana wa kiti cha magurudumu?

Wapo wanaotuambia kuwa katika baadhi ya nchi za Ulaya, kama Uholanzi, wako watu wanaolipwa kutimiza haja hizo kwa wenye ulemavu. Hilo kwetu ni haramu, wala hatuhitaji kurefusha maneno. Ila tusilitumie kama kisingizio cha kufunga mjadala. Wao wameliona swali, wakalijibu kwa njia isiyo yetu. Sisi tuna jibu, nalo ni ndoa, lakini tumeliweka kabatini.

Kuna wanafunzi wetu wa zamani wanaofanya kazi ya kuuguza wazee na wenye ulemavu huko Ghuba na Uingereza, na hutuandikia. Mmoja aliuliza afanye nini mume na mke wazee katika nyumba ya kulelea wanapoomba vitanda vyao visogezwe pamoja. Visogeze, mwanangu, kisha utoke. Kuwaandaa, kuwaogesha, kuwatia manukato, kuwalaza kwa namna isiyowaumiza, yote hayo ni huduma. Kushiriki, kutazama au kugusa kwa kusudi la kumstarehesha mtu si kazi yako, na mwajiri yeyote akikutaka ufanye hivyo mkatalie waziwazi. Ukiweza, mwanamume auguzwe na mwanamume na mwanamke na mwanamke. Isipowezekana, dharura inaruhusu kwa kadiri ya dharura tu: funika kisichohitaji kuoshwa. Na ulichokiona usikisimulie jikoni. Mtume (S.A.W.) amekemea vikali mtu anayetoa siri za kitanda chake mwenyewe, seuze za kitanda cha mwenzake.

Tuseme na la uchungu. Mhudumu huyu huyu wakati mwingine ndiye mbwa mwitu. Mtoto wa kike asiyeona au mwenye akili pungufu, anayebadilishwa nguo na watu wengi, ni rahisi kudhulumiwa, na kimya chetu ndicho kinachomlinda mdhalimu. Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda, kwa marekebisho ya 2007, imelifanya kosa la kunajisi mtoto kuwa zito zaidi pale mtoto huyo anapokuwa na ulemavu. Kesi kama hiyo haimalizwi kwa mbuzi wawili na kikao cha wazee. Mfundisheni mtoto majina ya viungo vyake, na nani anaruhusiwa kuvigusa na kwa ajili gani. Wala msimwoze asiyefahamu ndoa ni nini ili mpate mtu wa kumlea. Akitaka na akifahamu, huyo ni mwingine, na mwenye ulemavu aliyeolewa naye ana ruhusa ya kusema leo sijisikii.

Kiziwi ana mtihani wake. Ishara yake inayofahamika inatosha katika kufunga nikaha, na mafakihi wamelisema hilo tangu zamani. Lakini akienda kliniki na maradhi ya siri, anayemfasiria ni kaka yake. Ataeleza nini? Familia imtafutie mkalimani wa jinsia yake asiye jamaa. Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 23 kinataja haki ya kuoa, kuolewa na kuwa na familia, cha 25 afya ya uzazi. Mkiambiwa na mtu yeyote kliniki kwamba "mtu kama huyu anataka nini hapa", mna pa kusimamia.

Tumalizie na maswali madogo yaliyobaki kwenye vikaratasi. Mgonjwa mwenye janaba asiyeweza kujiogesha huogeshwa na mwenziwe wa ndoa, na akikosekana, mhudumu wa jinsia yake, uchi ukiwa umefunikwa. Maji yakimdhuru, atatayamamu. Mwenye mpira wa mkojo hutawadha kwa kila sala ya fardhi baada ya wakati kuingia, na kinachotiririka baada ya hapo hakimdhuru. Mhudumu anayemsafisha hahitaji kuoga janaba kwa kazi hiyo. Udhu wake, kwa madhehebu yetu ya Shafi, hutenguka akigusa tupu kwa kiganja kitupu. Akivaa glavu haumtenguki.

Wallaahu a'lam.