Tuliporudi Kabla ya Kilele

Sisi tunaosali kwa Kiswahili hapa Glasgow tulianza kupanda milima kwa sababu ya unyonge wa majira ya baridi. Dada yetu mmoja, muuguzi, alichoka kutuona tukitoka ibadani na kwenda kujifungia ghorofani, akatuambia tununue viatu. Wengine tulicheka. Nyumbani mtu hupanda mlima akiwa na shamba huko juu, au mbuzi aliyepotea.

Hapa Uskoti mlima ni starehe, na una hesabu zake. Mwaka 1891 Sir Hugh Munro alitoa orodha ya milima ya futi 3,000 na zaidi, yaani mita 914. Leo orodha hiyo ina milima 282. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1919 bila kuimaliza. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuimaliza, mwaka 1901, ni mchungaji, A. E. Robertson. Mzee wetu wa kanisa aliposikia hivyo alifurahi mno, akasema basi kazi hii ni yetu.

Lililotutia moyo zaidi ni sheria. Wengi wetu tumezoea kuulizwa tunakwenda wapi na kwa ruhusa ya nani. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2003, mtu yeyote Uskoti ana haki ya kupita karibu kila mahali kwa miguu, hata kwa baiskeli, mradi asiharibu wala kusumbua. Vijana wetu wa baiskeli wameipokea kwa mikono miwili. Hushuka njia za msituni kwa kasi ambayo mama zao afadhali wasiione.

Jumamosi moja ya Oktoba tulikwenda Ben Lomond, mita 974. Ndugu yetu mmoja alikuwa amengoja kwa miaka jibu la ombi lake la hifadhi, na mzee alikuwa ameweka ahadi kwamba tutamwombea kileleni. Tuliondoka Rowardennan jua likiwaka, ziwa limetulia. Tulipofika mahali njia inapoanza kujipinda-pinda kuelekea kilele, ukungu ukashuka. Muda mfupi baadaye hatukumwona mtu wa mbele. Upepo ukaja na mvua ndani yake, na wawili wetu walikuwa wamevaa suruali za jinzi.

Dada muuguzi akasema turudi. Mzee akasema tuombe, ukungu utaondoka. Kurudi ni kukosa imani. Dada akajibu kwa heshima, lakini bila kuyumba: "Baba, Shetani naye alimpandisha Bwana mahali pa juu akamwambia ajitupe, malaika watamdaka. Bwana alikataa."

Tukanyamaza. Ndipo yule ndugu tuliyekuja kwa ajili yake akasema, "Mimi kila ofisi hunirudisha. Na mlima nao?"

Hatukuwa na jibu. Wengine tulitaka kupanda kwa ajili ya neno hilo tu, na tunakiri kwamba ilikuwa huruma, si imani. Mzee ndiye aliyetuokoa. Alivua glavu, akamwekea ndugu yetu mikono kichwani palepale njiani, akaomba. Hatujawahi kumsikia mzee akiomba kwa ufupi vile, maana meno yalikuwa yakigongana. Kisha akageuka, akatangulia kushuka.

Chini tulikuta jua bado linawaka, jambo lililotuudhi kuliko mvua. Tulikunywa chai ya tangawizi garini, na hakuna aliyesema mengi mpaka Drymen.

Barua ya ndugu yetu haijafika. Tunaendelea kuomba. Mwezi wa Mei tulirudi Ben Lomond, naye akafika kileleni wa kwanza. Siku hizi ndiye anayetuangalizia hali ya hewa kila Ijumaa jioni. Juzi alituandikia: upepo mkali kesho, hatuendi, tuonane kanisani Jumapili.