Pima Keja Kwanza, Spika Baadaye

Kila wiki kuna msee ananiuliza inboksi swali lile lile: "Buda, nataka kuanza kutengeneza biti na kupiga u-DJ nikiwa kwa nyumba, ninunue spika gani?" Na kila wiki namjibu kwa swali: chumba chako ni futi ngapi kwa ngapi? Wengine wanakasirika, wanadhani nawazungusha. Siwazungushi, walai. Hilo swali mimi sikuulizwa na mtu, na karibu linikosanishe na mathe. Kwa hivyo leo wacha niandike yote mara moja.

Niliacha kampasi mwaka wa pili. Sitawadanganya eti nilikuwa jiniasi na masomo yalikuwa yananirudisha nyuma. Karo ilikuwa shida, na hata ikipatikana nilikuwa nakaa nyuma ya darasa natengeneza biti kwa laptopu. Nilipomwambia mathe, hakupiga kelele. Alinyamaza siku tatu, na kama unamjua mathe wako unajua hicho kimya ni kibaya kuliko kelele. Siku ya nne akaniuliza, "Hiyo kazi yako ya muziki inataka nini ndiyo ianze kukulisha?" Nikasema spika. Akaenda kwa chama chake, akachukua mkopo wa 30,000, akaniwekea mkononi. "Hizi si za kuchezea. Kila mwezi nitalipa elfu tatu, na wewe ndiye utakuwa unanipa."

Nikaongeza 18,000 nilizokuwa nimepata kwa kuhariri video za watu. Jumla 48,000. Nikaingia mjini.

Sikuwa nimesoma kitu. Nilichokuwa najua ni kwamba kwa kila video niliyowahi kuona, prodyuza anakaa mbele ya spika kubwa, na mimi nilitaka kuonekana kama prodyuza. Nikapata pea ya mtumba, wufa za inchi 8. Muuzaji akaweka amapiano, akafungua sauti mpaka mwisho. Log drum ilipoingia, shati langu lilitingika. Nikalipa pale pale.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na watu wengi hulifanya. Kitu chochote kikiwa na sauti kubwa kinasikika kitamu. Wanasayansi wawili Wamarekani, Fletcher na Munson, walionyesha mwaka wa 1933 kwamba masikio ya binadamu hayasikii besi vizuri sauti ikiwa chini, na ikipanda ndiyo besi inajitokeza. Kwa hivyo muuzaji akipandisha sauti, hata spika ya ovyo itakuvutia. Na duka lake ni kubwa, liko wazi mbele, halifanani na chumba chako hata kidogo. Hapo nilikuwa nasikiliza duka, si spika.

Keja yangu ilikuwa bedsita ya futi 10 kwa 10. Kitanda ukuta wa nyuma, meza ukuta wa mbele, spika juu ya meza. Kwa sababu zilikuwa kubwa na zilikuwa zinanipigia kwa uso, nikasukuma kiti nyuma mpaka nikakaa katikati ya chumba. Niliona nimepanga poa sana. Nikapiga picha, nikapost, likes zikaingia.

Kazi ya kwanza ya pesa ikaja baada ya wiki mbili. Jamaa wa mtaa alikuwa na ngoma ya arbantone, akanilipa 4,000 nimfanyie miksi. Nilikaa nayo usiku mbili. Shida ilikuwa moja tu: besi haikuwa inasikika. Nilikuwa naongeza kiki (ile ya ngoma, si ile ya mitandaoni), naongeza besi, bado. Naongeza tena. Mwishowe nikasikia inatosha, nikamtumia. Zile 4,000 nikampa mathe elfu tatu siku hiyo hiyo, nikijisikia mwanaume kamili.

Jamaa anajuana na dereva wa nganya moja ya Rongai. Jumamosi akanipigia nije tusikilize ngoma ndani ya gari, na akaja na mabeshte wake wanne. Dereva akachomeka flashi. Manze. Besi ilimeza kila kitu. Vioo vilikuwa vinatetemeka na sauti yake ya kuimba ilikuwa inatoka kama mtu ameingia ndani ya tangi la maji. Beshte mmoja akaanza kucheka, dereva akabadilisha wimbo kabla hata ya kiitikio. Jamaa hakunitukana. Aliniambia tu kwa sauti ya chini, "Buda, hiyo pesa utanirudishia lini?"

Na pesa ilikuwa imeenda chama.

Nilirudi keja nikiwa na hasira na zile spika. Nikaambiwa tatizo ni mwangwi, nibandike trei za mayai. Nilizunguka vibanda vyote vya mayai mtaani nikiomba trei, nikabandika ukuta mzima. Keja ikafanana na banda la kuku na sauti haikubadilika hata kidogo. Wacha niseme wazi: trei za mayai hazizuii kelele na hazishughuliki na besi. Ni karatasi. Kama umebandika, toa, mende watakushukuru.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa studio, amefanya kazi River Road miaka mingi. Nilimwomba aje aniambie kama nimeuziwa spika mbovu. Alipoingia hakugusa spika. Aliomba futi. Akapima ukuta mpaka ukuta: mita 3 na kidogo, pande zote mbili. Akatikisa kichwa, akakaa kwa laptopu yangu, akatengeneza toni moja nyembamba ya 57 Hz, sauti ya wastani. Akaniambia, "Sasa kijana, tembea."

Nikiwa karibu na ukuta, ile toni ilikuwa inanguruma. Nilipopiga hatua kuelekea kiti changu ikaanza kupungua. Nilipokaa kwenye kiti, ikapotea. Si kupungua, kupotea. Nikasimama, nikarudi ukutani, ikarudi. Nilihisi kama naona mazingaombwe.

Akanipigia hesabu nyuma ya risiti. Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Chukua 343, gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili. Chumba cha mita 3: 343 gawanya kwa 6, unapata 57. Hiyo ndiyo noti ambayo chumba chako kinaimba chenyewe. Inajaa ukutani na inakufa katikati. Chumba cha mraba ndicho kibaya zaidi, kwa sababu urefu na upana vyote vinashikilia noti moja. Na 57 Hz ni pale pale kiki na besi nyingi zinakaa.

Yaani nilikuwa nimeweka kiti mahali pekee kwa keja ambapo besi haisikiki, halafu nikakaa usiku mbili nikiiongeza. Spika hazikuwa na kosa. Zilikuwa zinasema ukweli, chumba ndicho kilikuwa kinanidanganya.

Nimeandika hiyo hadithi yote kwa sababu ukiielewa, hata duka halitakusumbua. Sasa tuongee manunuzi.

Kwanza, saizi. Yamaha HS8, ya inchi 8, inashuka mpaka 38 Hz. HS5, ya inchi 5, inaishia 54 Hz. Kwa karatasi unaona HS8 ndiyo bora. Lakini kwa keja ya mita 3, hiyo besi ya ziada inaingia mahali hapawezi kuibeba, na inakuchanganya zaidi. Kwa bedsita, inchi 5 inatosha, hata ndogo kuliko hapo. Ile besi ya chini kabisa utaikagua kwa hedifoni nzuri, kwa sababu hedifoni hazina chumba.

Pili, usitafute spika ya kukufurahisha. Spika za sebuleni zimetengenezwa zipambe muziki. Monita ya studio kazi yake ni kukuonyesha uchafu. Yamaha NS-10, ile ya koni nyeupe, ilitoka mwaka wa 1978 ikiwa spika ya kawaida ya nyumbani. Mafundi wa studio wakaishika dunia nzima, na si kwa sababu ni tamu. Miksi ikiwa mbaya ilikuwa inaonekana hapo hapo, na ukiifanya isikike poa kwa hiyo, itasikika poa kwingine. Iliacha kutengenezwa mwaka wa 2001 na bado kuna watu wanaitafuta.

Tatu, soma nyuma ya spika. Monita nyingi za leo zina amplifaya ndani, huhitaji nyingine. HS5 haina tundu za RCA, ina XLR na jeki kubwa ya milimita 6.35, na kontrola za kuanzia kama DDJ-FLX4 zinatoa RCA. Bila waya wa kuunganisha hizo mbili utakaa na spika kimya. Angalia pia volti. Kuna mtumba kutoka Marekani wa 120, na sisi hapa ni 240. Ukichomeka bila kuangalia utanusa moshi. Na uliza bei ni ya moja au ya pea, kwa sababu monita nyingi huuzwa moja moja. Nimeona msee akienda kwa furaha na kurudi na spika moja.

Wewe wa u-DJ, Bluetooth sahau. Sauti inachelewa, na ukichelewa hata sehemu ndogo ya sekunde huwezi kupatanisha ngoma mbili. Tumia waya. Na hizi monita usizibebe kwenda kwa ruracio ya binamu. Zimetengenezwa zisikilizwe ukiwa mita moja hivi, si uwanjani. Ukizilazimisha, twita itaenda kwanza.

Halafu zikifika nyumbani, kupanga ni bure. Wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa, twita zikiwa usawa wa masikio. Usikae katikati ya chumba. Anza na asilimia 38 ya urefu kutoka ukuta wa mbele, kwa mita 3 hiyo ni kama mita 1.14, halafu songa mbele na nyuma ukisikiliza. Nyuma ya HS5 kuna swichi ya kupunguza besi kwa decibel 2 au 4 ikiwa spika imekaribiana na ukuta, itumie. Mimi nikifanya miksi nasimamisha godoro ukuta wa nyuma. Haliwezi kuua 57 Hz, lakini linapunguza mwangwi wa sauti za kati na za juu. Na kila miksi naweka kando ya wimbo ninaoujua vizuri, sauti zikiwa sawa, nalinganisha.

Sauti iwe ile ambayo mtu anaweza kuongea nawe bila kupayuka. Ni nzuri kwa masikio na kwa jirani. Kanuni za NEMA za kelele za mwaka wa 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na mama wa mlango wa pili anaanza kuhesabu mapema kuliko hapo.

Mimi niliziuza zile za inchi 8 kwa 40,000. Hasara ya elfu nane, niliimeza. Nikanunua pea ya inchi 5, mtumba pia, kwa 28,000. Ikabaki 12,000. Elfu nne nikamrudishia jamaa, na nikamwambia nitafanya ngoma yake upya bila malipo. Elfu sita nikampa mathe, miezi miwili. Elfu mbili zikanunua waya na kinga ya umeme.

Miksi ya pili niliisikiliza kwa hedifoni, kwa simu, kwa redio ya keateka. Halafu nikaomba tuingie tena kwa ile nganya. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya matokeo ya KCSE. Dereva akachomeka flashi, na safari hii ngoma ikacheza mpaka mwisho. Hakusema kitu. Aliirudisha mwanzo tu, akaongeza sauti. Jamaa alinilipa tena wiki iliyofuata bila kuombwa.

Nilimwambia mathe hesabu yote, hata ile elfu nane. Nilikuwa nimeificha miezi miwili. Akaniuliza, "Kwa hivyo ungepima nyumba kwanza, hiyo pesa ingekuwepo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na futi ni pesa ngapi?"

Futi ni shilingi 150. Anza na hiyo.