Mtoto aliyetoboa siri ya baba baharini

Fomu ilikuwa na kurasa tatu. Iliuliza nani hali chakula gani, nani anajua kuogelea, nani ana mzio, nani anatumia dawa. Baba wa watoto wawili, mzaliwa wa Pangani anayeishi Uingereza na familia yake, aliijaza usiku kwenye meza ya jikoni, watoto wakiwa wamelala.

Kwenye chakula aliandika: hatuli nguruwe. Kwenye kuogelea: binti wa miaka 13 anaweza, mvulana wa miaka tisa bado anajifunza. Kwenye maradhi na dawa aliandika neno moja: hakuna.

Mkewe, aliyekuwa akisoma kwa nyuma, aliliona neno hilo. Yeye ni mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, na kila siku ya kazi anasisitiza fomu za namna hiyo zijazwe kwa ukweli. Usiku ule alinyamaza. Mumewe alikuwa na miaka miwili tangu aambiwe ana kisukari, na miezi minane tangu aanze kuchoma sindano ya insulini.

"Niliona ni siku saba tu," anasema mama huyo. "Nikasema mwache mwenzangu apumzike bila watu kumtazama kama mgonjwa."

Wiki moja majini

Likizo yenyewe waliidunduliza kwa miaka miwili. Walichangishana na familia ya marafiki zao kutoka Mombasa, wakakodi boti ya matanga huko Ugiriki, katika Bahari ya Ionian, upande wa magharibi wa nchi hiyo.

Boti za namna hiyo hukodishwa kwa njia mbili. Mwenye cheti cha unahodha anaweza kupewa boti akaiendesha mwenyewe. Asiye nacho huikodi pamoja na watu wake. Wao walichukua njia ya pili: nahodha mmoja, mpishi mmoja, vyumba vinne vya kulala na sitaha ya kuota jua. Juu ya bei ya boti, wageni hutenga fedha za chakula, mafuta na ada za bandari, na mwisho wa safari huacha bakshishi. Ndiyo maana familia mbili zikaona heri kugawana.

Kwa baba, safari hii haikuwa ya kujifurahisha tu. Marehemu baba yake alikuwa baharia wa majahazi, akisafirisha nazi na mbao kati ya Pangani na visiwani. Alitaka wanawe waone tanga likijaa upepo, walau mara moja, wajue babu yao alikuwa mtu wa namna gani.

Walipanda boti siku ya Jumamosi huko Lefkada, kisiwa kilichounganishwa na bara kwa daraja linaloelea, ambalo hufunguka kupisha vyombo vipite. Kabla ya kung'oa nanga, nahodha aliwaketisha wote. Viatu vinavuliwa. Watoto wanavaa jaketi za kuokolea maisha wakati wote boti inapotembea. Hakuna kuzunguka sitahani bila kushika kitu. Karatasi haitupwi chooni, mabomba yataziba. Maji ya kuoga ni ya tangi, kwa hiyo yaogwe kwa kipimo.

Mwisho akauliza, kwa Kiingereza cha polepole: kuna mtu mwenye ugonjwa wowote ninaopaswa kuujua? Baharini hospitali iko mbali.

Mama alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa akiitazama milima.

Mkoba uliofichwa

Friji ya boti ilikuwa jikoni, mahali ambapo kila mtu alipita. Kuweka insulini humo kungekuwa sawa na kutangaza. Kwa hiyo baba aliziacha kalamu zake za insulini kwenye mkoba, ndani ya chumba cha kulala ambacho mchana wa Julai kilikuwa kama tanuri.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kalamu inayotumika inaweza kukaa nje kwa wiki chache, lakini si kwenye joto kali, kwani dawa huharibika. Joto lenyewe linaweza pia kuifanya insulini iingie mwilini haraka kuliko kawaida, na kuogelea nako hutumia sukari. Mwenye kisukari anayeogelea juani ana mambo mawili yanayoshusha sukari yake kwa wakati mmoja.

Mvulana wa miaka tisa alijua mkoba ulipo. Alijua pia kwamba hapaswi kujua. Nyumbani alikuwa amemkuta baba yake akijichoma tumboni, akaambiwa maneno ambayo watoto wengi wa Kiswahili wamelelewa nayo: mambo ya nyumbani hayatoki nje.

Siku ya tatu

Jumatatu asubuhi walikuwa wametia nanga kwenye kisiwa kidogo cha Meganisi. Baba alichoma sindano kama kawaida, akaoga baharini na watoto kwa saa nzima. Kifungua kinywa hakikumpita vizuri. Boti ilikuwa ikiyumba na tumbo lilikuwa limeanza kumkataa. Alikula vipande viwili vya tikiti, akasema atakula zaidi mchana.

Baada ya adhuhuri upepo ukaanza. Katika bahari hiyo, wakati wa kiangazi, upepo wa kaskazini-magharibi huamka mchana na kulala jioni. Boti ilikuwa inavuka kutoka Lefkada kwenda kisiwa cha Ithaca, mahali palipo wazi, na mawimbi yakaja ya ubavuni. Mama alikuwa amemeza kidonge cha kuzuia kichefuchefu, kikamlewesha usingizi, akalala chumbani. Baba alibaki nyuma ya boti. Alitapika mara moja, kisha mara ya pili.

Wenzake walimtania kidogo. Mtoto wa baharia wa Pangani analewa mawimbi! Naye alicheka.

Kisha akaacha kucheka. Jasho lilimtoka hadi shati likaloa. Mikono ilimtetemeka. Mpishi alipomletea maji alimkaripia kwa Kiswahili, maneno yasiyoeleweka, yeye ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti. Baada ya hapo akanyamaza, macho yamefumbuka lakini hayamwoni mtu.

Nahodha aliyaona yote hayo na alikuwa na jibu. Jasho baridi, kutapika, kulegea: ni mawimbi, ameshawaona wengi. Fomu ilimwambia huyu ni mtu mwenye afya. Akashauri alale ubavu, atazame upeo wa bahari, anywe maji kidogo kidogo. Kwa mtu anayeumwa na mawimbi, ushauri ulikuwa sahihi kabisa.

Mvulana alikuwa ameketi hatua tatu kutoka hapo, jaketi limemfika kidevuni. Mama yuko chini, na yeye amekatazwa kushuka peke yake. Dada yake yuko upande wa mbele wa boti na watoto wenzake, upepo umemeza sauti. Alimtazama baba yake kwa muda ambao baadaye alisema ulikuwa mrefu sana. Kisha akamvuta nahodha mkono.

"Baba yangu ana kisukari," alisema kwa Kiingereza. "Anachoma sindano kila asubuhi. Leo amechoma na hajala."

Glasi ya juisi

Nahodha hakuuliza swali la pili. Alimwita mpishi kwa sauti ambayo hakuna mgeni aliyekuwa ameisikia, na juisi ya machungwa ikafika. Kwa kuwa baba alikuwa bado anaweza kumeza, walimwinua wakamnywesha kidogo kidogo, glasi nzima. Binti alikimbizwa chini na rafiki wa familia kumwamsha mama, naye akaja na mkoba na kipimo cha kidoleni. Kipimo kilisoma 2.9. Kwa mtu anayetumia insulini, chini ya 4 ni sukari iliyoshuka.

Walisubiri kama dakika 15, wakampa juisi tena, kisha mkate na asali. Nahodha alishusha matanga, akawasha injini na kuelekeza boti moja kwa moja Vathy, mji mkuu wa Ithaca, huku akizungumza na watu wa nchi kavu kwa simu. Walipofika, baba alikuwa anajua jina lake, siku na mahali alipo. Alipelekwa kwenye kituo cha afya, akapimwa, akaangaliwa kwa saa kadhaa na kuruhusiwa.

Daktari alimweleza mkewe jambo ambalo kila mzazi angefaa kulijua. Dalili za sukari kushuka hufanana na mambo mengine mengi: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, ukali usio wa kawaida, kuchanganyikiwa. Mtu huyo barabarani ataonekana mlevi. Kwenye boti ataonekana anaumwa na mawimbi. Kinachotofautisha ni kipimo, au mtu anayejua. Na iwapo angekuwa amezimia, asingepaswa kuwekewa kitu chochote mdomoni. Hapo ni kumlaza ubavu na kuita msaada, ambao katika nchi za Umoja wa Ulaya hupatikana kwa namba 112.

Swali la mtoto

Usiku ule boti ilifungwa gatini, maji yametulia, taa za mji zinacheza juu yake. Mvulana hakugusa samaki wake. Hatimaye aliuliza: "Baba, umenikasirikia?"

Baba anasema hilo ndilo jambo lililomuuma kuliko sindano zote. Mwanawe alikuwa ameyaokoa maisha yake, na sasa anangoja adhabu.

"Nilimwambia, mwanangu, mimi ndiye niliyekosea. Nilikupa mzigo ambao hata mimi mtu mzima sikuweza kuubeba."

Kisha akawageukia marafiki zake na kuwaeleza yote: miaka miwili, sindano, fomu. Rafiki yake wa Mombasa alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, sisi tulijua tangu Idi. Mtu wa Pangani anakataa kaimati mara tatu, nani asijue?"

Walicheka, na mama akalia. Siri iliyokuwa inalindwa kwa gharama yote ile, watu waliokuwa wakifichwa walikuwa wanaijua. Asiyeijua alikuwa mmoja tu, aliyeshika usukani.

Siku nne zilizobaki zilikuwa za raha kuliko tatu za mwanzo. Kalamu za insulini zilihamia kwenye friji ya jikoni, zikaandikwa jina. Mpishi alianza kuuliza baba amepima ngapi kabla ya kupanga mlo. Pakiti ya juisi iliwekwa karibu na usukani, na mvulana akapewa kazi ya kuhakikisha iko pale kila asubuhi. Baba aliogelea tena, safari hii akipima kwanza na kula kabla.

Kabla hamjapanda

Familia nyingi hazitafika Ugiriki, lakini fomu hizi zipo kila mahali: ziara ya shule, kambi ya vijana, mbuga, boti ya Zanzibar. Jaza ukweli. Anayeuliza hataki kukuaibisha, anataka kujua afanye nini ukishindwa kusema. Dawa zibebwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo wa ndege, na akiba iwekwe kwa mtu wa pili. Vidonge vya kichefuchefu humezwa kabla ya safari kuanza, baada ya kumuuliza mfamasia, hasa kwa watoto na kwa wenye dawa nyingine. Na katika wazazi wawili, mmoja abaki macho. Mtoto aambiwe kwa lugha yake mzazi anaumwa nini, dalili ni zipi na amwite nani. Kumwambia hakumtishi kama kumwachia aotee.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba huyu aliusikia msemo huo utotoni, kwenye msiba wa baba yake. Yule baharia alikufa kwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Wengine walisema upepo mbaya, wengine walisema amerogwa. Hakuna aliyempima sukari, na kisukari ni ugonjwa unaotembea ndani ya ukoo.

Waliporudi Uingereza, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumpigia simu kaka yake mkubwa aliyeko Pangani. Alimweleza habari za Ithaca, juisi na mtoto. Akamalizia: "Kaka, nakuomba nenda kapime sukari."

Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda.

"Nilishapima, mdogo wangu," kaka yake akajibu. "Mwaka juzi. Nilikuwa nakuficha wewe."