Waya wa Chaja

Katika Photoshop, miaka 50 hupita kwa dakika 10. Unafungua picha, unaweka juu yake tabaka la karatasi iliyochakaa, unachagua hali ya kuchanganya inayoficha weupe na kubakiza madoa, unafifisha rangi, unanyunyiza chembechembe. Picha ya jana inaonekana ya enzi za ukoloni.

Kinachonichekesha ni ile rangi ya kahawia. Sisi tunaiona alama ya uzee, kumbe mafundi wa zamani waliitia kwa makusudi. Madini ya fedha yaliyobeba picha yaligeuzwa kuwa salfaidi ya fedha, ambayo haiharibiki upesi. Ilikuwa kinga ya kuchakaa; leo tunaivalisha picha ili ionekane imechakaa.

Nyumbani kwetu Tanga kuna picha ya Babu ukutani, ya mwaka 1988, nyeusi na nyeupe, amevaa kanzu na koti. Ya Bibi haikuwepo. Studio alikwenda mwenye shughuli ya kitambulisho, na Bibi shughuli zake zote zilikuwa za uani. Tuliyobaki nayo ni picha moja ya simu, ya 2019, amekaa barazani, na nyuma yake waya wa chaja unaning'inia kwenye soketi. Alipofariki, Mjomba aliniagiza: "Mjomba, wewe ndiye mwenye kompyuta. Izeeshe kidogo, ifanane na ya mzee. Na huo waya uutoe."

Madoa ya bure yamejaa mtandaoni. Sikuyataka. Ni ya karatasi za watu nisiowajua, zilizoharibikia katika nyumba zisizo zetu. Nikaishusha picha ya Babu, nikaiskani. Kona moja imeliwa na ukungu wa unyevu wa bahari, katikati kuna mkunjo, pembeni alama ya kidole cha mtu. Nikazihamisha zote kwa Bibi. Kama ni kuchakaa, basi achakae kwa unyevu wa nyumba aliyoifagia mwenyewe.

Sasa wametundikwa pamoja, na wageni husema wamependeza, kana kwamba walikwenda studio siku moja. Hilo ndilo linaloniuma. Watoto wa dada yangu wangeweza kukua wakiamini kwamba zamani kuna mtu aliyemshika Bibi mkono, akampeleka kupigwa picha.

Kwa hiyo waya sikuutoa. Mjomba hajauona bado. Atakayemtazama Bibi kwa makini atauona, na atauliza.