Ufa Usioonekana

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, ufa usioonekana huzibwaje?

Alfajiri moja ya Machi huko Bukura, Kakamega, mvua za masika zikinyemelea, dereva alikuta rejeta ya trekta lake kuukuu imepungua maji kwa mara ya tatu, ilhali chini palikuwa pakavu. Akakumbuka mashamba yaliyomngoja, akanyanyua ndoo aongeze maji, aondoke.

"Kijana, maji hayapotei bila njia," fundi mzee alimkanya.

Hosi zilikuwa kavu. Pampu ya maji vilevile. Injini ilipowashwa ingali baridi, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, mapovu yaliibuka mfululizo. Ikazimwa. Kijiti cha oili kilipochomolewa, oili ilifanana na chai ya maziwa. Dereva akaweka ndoo chini. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, na oili iliyoingia maji ingeziharibu beringi.

Hedi ilifunguliwa, ikapimwa kwa rula isije ikawa imepinda. Gasketi mpya ikatiwa, boliti zikakazwa kwa zamu kuanzia katikati, oili ikabadilishwa. Siku mbili za kulima zilipotea, injini ikapona. Tangu hapo, dereva huyo hukitazama kijiti cha oili kabla ya kugusa ufunguo.