Papa Yupi, Mwalimu?

Naungama: mimi, mwalimu wa baiolojia, nilimnyima mwanafunzi alama kwa sababu alifikiri vizuri kuliko mwongozo wangu wa kusahihishia. Swali nililitunga mwenyewe: linganisha papa na bata kwa uainishaji na hali ya uhifadhi. Jibu nililolitaka lilikuwa jepesi. Papa ni samaki wa gegedu, yuko hatarini. Bata ni ndege, yuko salama. Binti mmoja akaandika, "Papa yupi, Mwalimu? Bata yupi?" Nikapiga mkasi kwa wino mwekundu, nikaongeza: "Jibu swali!"

Swali halikujibika. Orodha Nyekundu ya IUCN haipimi "papa" wala "bata", hupima spishi, na papa peke yao wana spishi zaidi ya 500. Baadhi ya spishi za pingusi, wale wenye kichwa cha nyundo, zimo katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Potwe anayeonekana Mafia yuko hatarini, ngazi moja chini. Lakini yuko papa mdogo wa madoa huko Australia, anayetambaa kwa mapezi juu ya matumbawe, ambaye hana tatizo. Kwa bata ni vilevile. Yule wa mwituni aliyetuzalia bata wengi tunaowafuga amejaa tele. Wa Madagaska, mpiga mbizi wa rangi ya kahawia, hakuonekana tena baada ya 1991, watu wakadhani amekwisha, hadi 2006 alipopatikana kwenye ziwa dogo kaskazini mwa kisiwa. Naye yuko kundi moja na pingusi hao.

Sikukosea kote. Zaidi ya theluthi moja ya papa, taa na jamaa zao wanatishiwa kutoweka, hasa kwa kuvuliwa kupita kiasi. Wengi huchelewa kukomaa na huzaa wachache. Ila hilo sikuliuliza.

Uainishaji nao niliufundisha nusu. Niliwaweka papa na changu kapu moja kwa kuwa wote ni samaki. Kumbe kiukoo changu, mwenye mifupa, yuko karibu zaidi na bata kuliko na papa, ambaye kiunzi chake chote ni gegedu.

Nilimrudishia binti alama zake mbele ya darasa na kumwomba radhi. Walimu wenzangu, mkitunga swali kama hili, tajeni spishi.