Samaki Wadogo wa Mwambani

Wengi wetu katika shule hii tumezaliwa karibu na bahari, lakini ni wachache waliopata kuichungulia ndani. Sisi watu wa pwani ya Kilifi humjua samaki akiwa wavuni au chunguni. Mambo ya nyumbani kwake hatuyajui. Kwa sababu hiyo, likizo ya Desemba, wakati wa kaskazi maji yakiwa matulivu na maangavu, nilikuwa nikienda mwambani na miwani ya maji, mrija wa kupumulia, na kamera ndogo ya mjomba isiyoingia maji, ili nipige picha za sinema za viumbe wadogo.

Kazi hii yataka saburi. Mtu akiwafukuza samaki atapata picha za mikia tu. Nilijifunza kuelea kimya, bila ya kushika wala kukanyaga matumbawe, kwani hayo nayo ni viumbe hai. Baada ya dakika chache samaki hukuzoea, wakatoka mafichoni. Tena yafaa kusogea karibu sana, kwa kuwa maji humeza rangi nyekundu kwanza, na kilicho mbali huonekana buluu tupu.

Siku moja nilimwona samaki mwembamba kama kidole, mwenye mstari mweusi ubavuni, akiingia kinywani mwa chewa na kutoka salama. Chewa alitulia kama mtu aliye kwa kinyozi, maana yule mdogo alikuwa akila wadudu wamsumbuao. Siku nyingine nilimpata kikande akimpindua mnyama mviringo wa miiba, akamvunja na kumla.

Baba yangu huvua kwa madema, na ada yangu hutoka humo. Aliniuliza, "Mwanangu, samaki asiyejaza kitoweo, wamwindia nini?"

Usiku ule nilimwonyesha picha zangu. Nikamweleza kwamba wataalamu waliochunguza miamba ya Kenya waliona kuwa kikande akivuliwa mno, wale wa miiba huongezeka, wakaitafuna miamba ambayo ndiyo nyumba ya samaki tunaowauza. Tena miamba yetu imekwisha kupata msiba: mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi yakageuka meupe yakafa.

Baba alinyamaza, kisha akasema, "Nikimrudisha kikande majini, wewe utasoma kwa nini?" Sikuwa na jibu. Lakini aliniomba nimwonyeshe tena picha ya chewa, na mara ya tatu akamwita mama naye aje aone.

Kesho yake alitoa vikande wawili katika dema. Mmoja alimrudisha majini. Wa pili akampeleka mnadani. Sikusema neno, kwani naijua bei ya vitabu vyangu.

Serikali ilianzisha hifadhi za bahari za Malindi na Watamu tangu mwaka 1968, na ni jambo jema. Walakini mwamba wa kwetu u nje ya hifadhi, na walinzi wake ni wavuvi wenyewe. Sioni haki kumlaumu mtu kwa jambo ambalo hakuonyeshwa kamwe. Likizo ijayo, Mungu akipenda, nitazipeleka picha hizi dikoni, wazee wazione, kisha waamue wenyewe.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne